Fundi wa mashine za kukamulia: siku yangu moja Kinangop

Saa kumi alfajiri. Baridi ya Kinangop inauma masikio, pikipiki inawaka kwa teke la nne. Nikisema mimi ni fundi wa mashine za kukamulia ng'ombe, watu huniuliza lita ni pesa ngapi.

Kufikia saa nne nimemaliza boma mbili: raba za vikombe vya chuchu nimebadilisha, palseta, kifaa kinachofungua na kufunga raba hizo, nimesafisha, chai nimekunywa nimesimama.

Saa tano mzee mmoja ananipigia. Ng'ombe wake wanarusha mateke, na anasema kosa ni la kijana anayekamua. Nafika, nangoja hadi saa tisa, wakati wa kukamua, maana nataka kuiona mashine ikifanya kazi kwenye ng'ombe.

Nyambura, ng'ombe wa kwanza, anafungwa vikombe. Anachezesha miguu, mkia haukai. Vikombe vinapotoka natazama chuchu: zina rangi ya samawati, shina limevimba mviringo, na ncha imeota sugu iliyochanikachanika kama ukingo wa kitambaa kikuukuu. Huyo si kijana, hiyo ni mashine inavuta kupita kiasi.

"Geji ya uvutaji inasema arobaini," mzee ananikatiza.

Nazima pampu. Mshale unashuka, unakwama kwenye kumi badala ya sifuri. Naomba atazame. Anasema geji ni ya Ulaya.

Nachomeka geji yangu: uvutaji ni kilopaskali 54. Regyuleta, kidhibiti cha uvutaji, imejaa vumbi la chakula cha ng'ombe, na parafujo yake imekazwa. Nani? Kimya. Kijana anatazama ndoo. Baadaye mzee anakubali kwamba alitaka wamalize haraka.

Namweleza, nadhani mara ya tano. Raba hufunguka na kufunga kama mara 60 kwa dakika, na inapofunga huikanda chuchu damu irudi. Uvutaji ukizidi, mkando hautoshi: damu inabaki, ncha inakuwa sugu, vijidudu vya ugonjwa wa kiwele vinapata pa kukaa. Ukipungua mno nao, vikombe vinateleza na kudondoka, hewa inaingia na kurusha maziwa machafu ndani ya chuchu. Mashine yake naiweka 42.

Ng'ombe wa pili anakamuliwa huku mzee kakodolea saa. "Dakika saba! Jana ilikuwa tano!"

Ng'ombe ametulia, anacheua. Mzee haoni hilo.

Saa ngapi sasa sijui, giza limeingia, mgongo unauma. Ananilipa nusu, nyingine akiona maziwa. Kijana ananisaidia kusukuma pikipiki hadi barabarani, kisha ananiuliza kwa sauti ya chini ile parafujo inazungushwa upande gani.