Supamaketi mpya mikoani Thailand: subiri mwezi wake wa tatu

Pakiti imeandikwa แป้งข้าวโพด na imekaa kwenye rafu ya unga. Mkenya aliyemaliza wiki tatu bila ugali anainyakua mbili. Nyumbani anachemsha maji, anamimina, anaanza kusonga, na kabla hajageuza mwiko mara kumi sufuria imejaa kitu cheupe kinachong'aa na kuvutika kama gundi ya kubandika mabango. Huo ni wanga wa mahindi uliochujwa, ule wa kukazia mchuzi na kastadi. Pakiti haikudanganya: paeng khao phot ni unga wa mahindi kweli, ila Wathai wakisema hivyo wanamaanisha wanga. Muhogo nao una mtego huohuo. Paeng man sampalang ni wanga wa muhogo, si ule unga wa muhogo mkavu uliosagwa mzima tunaoujua Pwani na Magharibi.

Mji wa mkoani ukifunguliwa supamaketi kubwa, iwe Surin, Roi Et au Ubon, wageni wanaoishi huko huipokea kama mvua baada ya kiangazi. Siku ya ufunguzi kuna jibini aina nane, mkate wa nafaka, zeituni, mvinyo, nyama ya ng'ombe ya Australia. Picha zinatumwa. Watu wanaapa hawataenda Bangkok tena kununua chakula. Ushauri wangu kwa anayetoka Nairobi kwenda kufundisha au kuishi huko ni mmoja: usipange jiko lako kwa rafu za siku ya ufunguzi. Rudi mwezi wake wa tatu tangu lifunguliwe, ndipo utajua duka hilo ni la namna gani.

Sababu ni ya kawaida kabisa. Duka lililo tawi la kampuni kubwa halijazwi na meneja wa pale mjini. Bidhaa za kufungulia hupangwa makao makuu, rafu zikajazwa ili zipendeze. Baada ya hapo kompyuta ndiyo inayoagiza, na inaagiza kulingana na kinachopita kwa keshia. Jibini la buluu likiuzwa vipande viwili kwa mwezi na saba vikatupwa kwa kupitwa na tarehe, mwezi unaofuata haliletwi. Mahali pake panawekwa mwani wa kukaanga wa watoto, ambao unatoka kila saa. Wakazi wa Nairobi tumejifunza kusoma rafu tangu supamaketi za Nakumatt zilipoyumba mwaka 2017: ukiona bidhaa moja imetandazwa mbelembele futi sita na nyuma yake hakuna kitu, ujue kuna pengo linafichwa. Kule mikoani Thailand pengo hilo kwa kawaida halimaanishi kwamba duka linakufa. Ni sehemu ya wageni tu inayopunguzwa.

Wageni wenyewe huchangia. Mtu anaona siagi ya karanga anayoipenda, anabeba makopo kumi na mawili, kisha harudi hadi yaishe. Mashine inaona mauzo makubwa wiki moja na sufuri kwa miezi miwili. Kununua kopo moja kila wiki kunasaidia zaidi, na kama kitu kimetoweka, piga picha ya msimbo pau wa pakiti ya zamani uipeleke kwenye dawati la huduma kwa wateja. Jina la Kiingereza halitawasaidia kukitafuta. Namba zile zitawasaidia.

Majina ya maduka ni machache. Big C, Lotus's na Makro utayakuta karibu kila mkoa, na Tops mahali palipo na jengo la maduka la Central au Robinson. Lotus's ndiyo iliyokuwa Tesco Lotus: Tesco waliingia mwaka 1998, wakauza kwa CP, kundi la makampuni la Kithai, mwaka 2020, na jina likabadilika mwaka uliofuata. Big C iko chini ya kampuni ya BJC tangu 2016. Carrefour nayo ilikuwa Thailand kuanzia 1996 hadi ilipowauzia Big C maduka yake mwishoni mwa 2010. Kwa hiyo mgeni mkongwe akikunung'unikia kwamba mkate ulikuwa mkate enzi za Carrefour, analilia jina lililofunguliwa The Hub, Karen, jijini Nairobi, mwaka 2016 na ambalo wewe umelizoea.

Angalia pia ukubwa, maana bango moja hubeba maduka tofauti. Mini Big C na Lotus's Go Fresh ni vibanda vikubwa tu, vya maji, tambi na sabuni. Usikodi gari kilomita arobaini kwa sababu ramani imeonyesha jina. Makro ni duka la wenye mikahawa na viosk: siagi ya kilo nzima, viazi vya kukaanga vilivyogandishwa pakiti ya kilo mbili na zaidi. Bila friza kubwa, nusu utaitupa.

Sasa turudi kwenye ugali, maana huko ndiko swali linakorudi. Mahindi yanayolimwa kwa wingi Thailand ni ya njano na mengi huenda kwenye chakula cha mifugo. Maduka ya pembejeo huuza mahindi yaliyosagwa kwa ajili ya kuku, na kuna watu huyajaribu. Usiyajaribu. Nafaka ya mifugo haikaguliwi kama chakula cha watu, na Mkenya hahitaji kufundishwa habari ya sumukuvu. Njia safi ni unga wa mahindi ya njano uitwao polenta kutoka rafu ya bidhaa za nje, au kuagiza kupitia maduka ya mtandaoni ya Lazada au Shopee. Polenta ina chembe kubwa kuliko unga wetu wa gredi ya kwanza, kwa hiyo anza na uji mwepesi, uache uchemke dakika tano, ndipo uongeze unga na kusonga. Halafu punguza moto, funika, ukae dakika kumi au zaidi. Ukiharakisha utatafuna mchanga. Na kwa sababu ya joto na unyevu, kila unga unaoingia nyumbani, hata wa ngano, ulale kwenye friza siku nne kabla ya kuhamia kwenye mkebe wa kifuniko. Mayai ya wadudu huwa tayari yamo ndani.

Mchele ndio unaowachanganya wapika pilau. Kaskazini mashariki watu hula mchele wa kunata, khao niao, ข้าวเหนียว, ambao huloweshwa saa kadhaa kisha ukapikwa kwa mvuke. Ukiutia kwenye sufuria ya pilau utapata donge moja. Ukiwa mbichi utautambua kwa rangi: punje zake ni nyeupe kama chokaa, hazipitishi mwanga, ilhali mchele wa kawaida ni kama kioo chenye ukungu. Hata mchele mashuhuri wa hom mali ni laini mno kwa pilau, hasa ukiwa wa mavuno mapya. Tafuta khao sao hai, ulio mgumu na unaochambuka, au basmati kama ipo. Bizari ya pilau, yaani jira, huitwa yira, jina ambalo Mkenya halisahau. Ila kuna jani la kupikia lenye jina hilohilo, kwa hiyo sema met yira, mbegu, na unuse kwanza. Iliki yao ni ya duara na nyeupe, harufu yake hafifu. Iliki ya kijani ifungashe kutoka Nairobi. Gramu hamsini zinakaa mwaka.

Mboga usizinunue supamaketi ukiwa na soko la asubuhi karibu. Zilizo kwenye nailoni ya duka mara nyingi zimesafiri, za sokoni zimekatwa alfajiri. Sukuma wiki hakuna. Khana ndiyo jirani yake wa karibu, yenye shina nene la kumenya kabla ya kukata. Mchicha, au terere, ni phak khom. Dania, phak chi, huuzwa na mizizi yake. Usiitupe, iponde na kitunguu saumu na pilipili manga. Ndengu, thua khiao, ziko kila duka, ila pakiti zenye rangi ya njano zimekobolewa na zitavurugika kuwa uji. Farang ni neno wanalomwita Mzungu, lakini bango la farang kwenye matunda halikusemi wewe wala Mzungu yeyote, ni mapera.

Supamaketi ina faida yake kwenye maziwa, siagi na vitu vya baridi. Thailand ina mikataba ya biashara na Australia na New Zealand tangu 2005, na ushuru wa bidhaa za maziwa ukawa unapunguzwa hatua kwa hatua. Ndiyo maana siagi na jibini za nchi hizo mbili ndizo zinazodumu kwenye rafu za mikoani hata ile sehemu ya wageni ikinywea. Neno noei peke yake halitoshi: noei sot ni siagi, noei thiam ni majarini, na pakiti zao hukaa bega kwa bega. Maziwa ya chai ni yale ya rot jeut, รสจืด. Yenye rot wan yametiwa sukari. Majani mekundu ya chai ya Kithai yametiwa rangi na harufu, hayatatoa chai ya maziwa unayoijua, beba yako.

Kwenye friza, bonyeza pakiti. Mbaazi zikiwa donge moja, au kukiwa na chembe za barafu nene ndani ya nailoni, ziliyeyuka zikagandishwa upya, ama stima ilipopotea ama kwenye lori. Chokoleti yenye utando mweupe ilipata joto. Jibini lililofura kama mto, liache.

Tarehe huwaumbua wengi. Thailand huhesabu miaka ya Kibuddha, iliyotangulia yetu kwa 543, na kila kiwanda huchagua kalenda yake. 15/03/69 ni Machi 2026, na 15/03/26 ni siku hiyohiyo. Kanuni ya haraka: mwaka ukiwa na namba ya sitini au sabini na kitu, ni wa Kibuddha. Kisha tazama neno lililo mbele, kwa sababu pakiti nyingi zina tarehe mbili: ผลิต ni siku ya kutengenezwa, หมดอายุ ni siku ya kuisha.

Kwa asiyekula nguruwe, neno la kukariri ni หมู, mu. Liko mahali usipolitegemea, hata juu ya maandazi matamu yaliyopakwa nyuzinyuzi za nyama hiyo iliyokaushwa. Nembo ya halali ya Baraza Kuu la Kiislamu la Thailand ina umbo la almasi na maandishi ya Kiarabu katikati, na inapatikana kwenye bidhaa nyingi za viwandani, hata tambi na sosi. Nyama mbichi ya halali ni kazi nyingine. Nje ya mikoa ya kusini kama Pattani, Yala na Narathiwat, ulizia msikitini kwanza. Mbuzi wa kuchoma msahau.

Ukifika kwa keshia, hakikisha mboga na matunda ya kupimwa yamepita kwenye mzani wa ndani na yana stika, la sivyo utarudishwa huku foleni ikikukodolea macho. Mifuko ya plastiki maduka makubwa yaliacha kutoa tangu Januari 2020, jambo lisilomsumbua aliyezoea kiondo tangu Kenya ipige marufuku mifuko hiyo Agosti 2017. Pombe kwa miaka mingi imeuzwa saa tano asubuhi hadi saa nane mchana, kisha saa kumi na moja jioni hadi saa sita usiku. Masharti hayo yamelegezwa kiasi hivi karibuni, kwa hiyo soma bango la duka, na sikukuu kubwa za Kibuddha usitegemee kitu. Kubishana na keshia hakusaidii. Mashine yenyewe inakataa.

Wenyeji hulipa kwa kuskani PromptPay, ambayo kwao ni kama M-Pesa kwetu, lakini kwa kawaida inahitaji akaunti ya benki ya Thailand. Uzuri ni kwamba matawi ya benki yaliyo ndani ya majengo haya hufunguliwa hata wikendi. Kabla hujapata akaunti, toa pesa nyingi kwa mkupuo, kwa sababu kadi ya nje hukatwa baht 220 au zaidi kila ukitoa, hata ukitoa elfu moja.

Mayai yana namba, 0 hadi 5, na namba 0 ndiyo makubwa kuliko yote. Trei ni ya thelathini kama ya hapa. Namba 3 yanatosha kwa chapo mayai, na bei yake haiumi. Na ukitoka supamaketi ukapitia sokoni, ukaona pilipili au nyama kwa bei inayokushangaza kwa unafuu, uliza kama ni ya kilo au ya khit. Khit ni gramu mia moja.