Spectrum ya mjomba kwenye betri ya gari

Mjomba alirudi kutoka masomoni Uingereza mwaka 1985 na sanduku la vitabu, koti zito ambalo hakulivaa tena, na kompyuta ndogo nyeusi yenye vitufe vya mpira: Sinclair ZX Spectrum ya kilobaiti 48. Nilipoirithi nilitaka kitu kimoja tu, wapwa zangu waicheze likizo ya Desemba kwa bibi, milimani juu ya Lushoto. Ila nguzo za umeme zimeishia barabarani, na nyumba ya bibi iko bondeni.

Nikiwa bado mjini nilianza kivivu. Niliazima betri ya gari, N50, kwa jirani, nikafunga inveta ya bei rahisi, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi, nikachomeka adapta ileile ya mjomba. Kompyuta iliwaka. Lakini adapta hiyo ni transfoma ya kizamani, na umeme wa inveta za aina ile unakwenda kwa ngazi ngazi, si wimbi laini kama wa gridi. Ikanguruma kama mzinga wa nyuki, na baada ya robo saa haishikiki. Tena ni kazi bure: unapandisha volti 12 hadi 230 ili uzishushe tena ziwe 9.

Basi nikajiuliza, mbona nisiunganishe betri moja kwa moja? 12 na 9 si mbali. Kabla ya kujaribu nikapita kwa fundi redio wa mtaani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hebu kifungue nione tumbo lake."

Akagusa kitu chenye miguu mitatu kilichofungwa kwenye bati la kupozea: 7805. Kazi yake ni kushusha 9 kuwa 5, na kinachozidi hukigeuza joto. Spectrum inakula kama ampea 0.8. Ikipewa volti 9, joto ni wati 3 hivi. Ikipewa betri iliyojaa, volti 12.6, ni wati 6, na bati lenyewe limefungiwa ndani ya plastiki. "Utapika ugali humo," akasema.

Akaniuzia bodi ndogo ya kushusha volti yenye chipu ya LM2596. Hii haichomi ziada; huukata umeme vipande vipande kwa kasi, koili ikaulainisha, kwa hiyo haipati joto la maana. Ina skrubu ya kurekebishia volti. Nilizungusha, nikazungusha, mita haisogei, nikadhani nimeuziwa mbovu. Kumbe inataka mizunguko mingi kabla haijaanza kushuka. Nikaisimamisha kwenye 9, kompyuta ikiwa bado pembeni.

Hatari kubwa ilikuwa kwenye pini ya kuchomeka umeme kwenye kompyuta. Adapta nyingi za siku hizi katikati ni chanya. Spectrum katikati ni hasi, nje ndiyo chanya. Mimi nilishaichomelea kwa mazoea, katikati chanya. Fundi akaniuliza, "Umepima?" Nikapima, jasho likanitoka. Spectrum ile ina chipu za kumbukumbu, 4116, zinazotaka umeme wa aina tatu: 5, 12 na hasi 5. Ukigeuza nyaya unaua saketi ndogo inayotengeneza hizo mbili za mwisho, na hasi 5 ikikosekana chipu nazo zinafuata. Sijawahi kuziona Kariakoo.

Nikageuza nyaya, nikaweka fyuzi ya ampea 2 kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri. Volti 12 hazikurushi, lakini nyaya zikigusana betri ya gari inaweza kuyeyusha waya mkononi mwako.

Kwa bibi kulikuwa na televisheni ya zamani ya nyeusi na nyeupe, ya zile za enzi za kubeba betri hadi sokoni kuchaji. Inatumia volti 12 yenyewe. Nikatafuta UHF chaneli 36, maandishi ya Sinclair yakatokea, watoto wakapiga kelele, na kompyuta ikazima. Ikawaka. Ikazima. Nilikuwa nimetumia waya mwembamba wa spika, mita nne, kulisha vyote viwili. Televisheni ikivuta, volti mwisho wa waya zinashuka mno, na ile bodi haiwezi tena kushikilia 9. Nikavuta waya mnene, kila kimoja na wake kutoka kwenye betri.

Mchezo wenyewe uko kwenye kaseti, na redio kaseti ya kuusoma ilitumia mawe ya tochi. Unabonyeza J, inaandika LOAD, yaani pakia, unaweka alama za kunukuu, kisha unangoja karibu dakika tano mchezo uingie. Dakika ya nne mpwa wangu mdogo akaruka waya, kibanio kikang'oka, yote yakafutika. Tukaanza upya, safari hii nikiwa nimekalia kigoda mbele ya betri.

Usiku wa pili nilipima: volti 12.3. Bibi alikuwa mlangoni muda wote.

"Mjukuu wangu, hicho kinanda chenu kikishiba, niunganishie na mimi redio. Saa mbili hiyo, taarifa ya habari inaanza."