Kikombe Kimoja cha Unga ni Gramu Ngapi?

Swali hili lilianza kunisumbua siku nilipooka mkate kwa kufuata maelezo yaliyoandikwa kwa vikombe, ukatoka mgumu na mkavu, ingawa nilikuwa na hakika kwamba sikukosea kipimo hata kimoja. Kesho yake nilitumbukiza kikombe kilekile katika mfuko wa unga wa ngano, nikachota, nikakifuta juu kwa mgongo wa kisu, kisha nikaumwaga unga huo kwenye mizani: gramu 148. Nikarudia, safari hii nikiujaza kidogo kidogo kwa kijiko bila kuushindilia, na mizani ikasoma gramu 122. Vikombe vyote viwili vilikuwa vya mfuto, lakini tofauti yake, katika mkate unaohitaji vikombe vinne, inapita gramu 100.

Kikombe hupima nafasi, na katika unga sehemu ya nafasi hiyo ni hewa. Ndiyo maana kupima kikombe cha unga uliokwisha kuchekechwa si sawa na kupima kikombe cha unga kisha kuuchekecha, jambo ambalo waandishi wengi wa mapishi hulipita kana kwamba ni mamoja.

Vitu vya majimaji havina usumbufu huo. Mililita moja ya maji ina uzito wa takribani gramu moja, na kwa vingine tunazidisha ujazo kwa msongamano wake, yaani gramu zilizomo katika kila mililita moja: mafuta ya kupikia ni kama 0.92, maziwa 1.03, na asali karibu 1.4. Kwa hiyo kikombe cha mililita 240 huchukua takribani gramu 220 za mafuta, lakini asali hufika gramu 340. Kikombe hichohicho huchukua kama gramu 200 za sukari nyeupe, ilhali kakao ya unga haizidi sana gramu 85. Anayetafuta namba moja ya kugeuzia kila kitu anajisumbua bure.

Kabla ya kuzidisha, lakini, ni lazima kujua mwandishi alikusudia kikombe gani. Cha Marekani ni kama mililita 237, cha Japani ni 200, na kwingineko hutumika cha 250. Kijiko cha chakula kwa kawaida ni mililita 15, ila Australia ni 20.

Chumvi nayo ina hila zake: kijiko cha chai cha chumvi laini kina kama gramu 6, na cha chumvi ya chembe kubwa huenda kisifike hata gramu 4, ndiyo maana mtu anaweza kufuata kipimo kwa uaminifu na bado akaharibu chakula. Hata hivyo, kwa hamira na vitu vingine vya kiasi kidogo mimi bado natumia kijiko, kwa sababu mizani nyingi za jikoni hazisomi vizuri uzito wa gramu moja au mbili.

Siku hizi kila ninapokutana na kiambato kipya ninaweka kikombe kitupu juu ya mizani, nairudisha kwenye sifuri, najaza mara tatu na kuandika wastani. Karatasi niliyoibandika ndani ya mlango wa kabati ina mistari kumi na mmoja, na uliofutwa na kuandikwa upya mara nyingi kuliko yote ni ule wa unga wa ngano.