Sanamu haina mikono

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii kuna kitu kimeniganda kichwani, zile sanamu za marumaru nyeupe wanazoweka kwenye maktaba kubwa kumuenzi kiongozi wa mwanzo, mshaziona? Kichwa, shingo, kifua kidogo, basi, inaishia hapo juu ya nguzo. Ndevu zimechongwa vizuri mno ila mikono hamna.

Sasa mi nikamkumbuka John Shaw Billings, daktari wa jeshi la Marekani aliyeongoza maktaba ya tiba ya jeshi kule Washington toka 1865 mpaka 1895, ndo hiyo leo imekuwa maktaba ya taifa ya tiba. Enzi za uanafunzi aliandika kuhusu upasuaji wa kifafa, akahangaika kutafuta vitabu asivipate, na hilo halikumtoka moyoni. Alipokea vitabu kama 2,000 hivi akaacha zaidi ya 100,000. Ila mi zinanigusa jioni zake, majarida ya tiba yanabebwa mpaka nyumbani, anakaa na penseli anafungua kurasa anatia alama kila makala inayofaa, halafu makarani ndo wanakuja kunakili zile alama, hivyo hivyo miaka na miaka mpaka 1880 juzuu la kwanza la faharasa, yaani orodha ya vitabu na makala za maktaba ile, likatoka. Mtu kama huyo umchonge bila mikono kweli?

Na hao makarani je? Hata sanamu zenyewe za zamani, mara nyingi msanii mwenye jina alifinyanga udongo tu, jiwe wakalichonga mafundi wengine, wamejaa vumbi mpaka kwenye kope, na pale chini majina yao hayapo.

Zaburi 90 ni sala ya Musa na mwisho wake anaomba "kazi ya mikono yetu uithibitishe". Uso wake hata hakuutaja. Na ni Musa huyu huyu ambaye kwenye Kutoka 17 aliinua mikono wakati Israeli wanapigana vita, ikamlemea wakamletea jiwe, jiwe lake yeye lilikuwa la kukalia, Haruni huku na Huri kule wakamshikilia mikono mpaka jua likazama. Huri jamani, mara ya mwisho mmemsikia kwenye mahubiri lini? (Mi mwenyewe ilibidi nirudi kusoma.)

Nilitaka wiki hii nimuombee kwa jina yule mama anayefuta viti kabla hatujafika ibadani. Nimepiga magoti nikakwama, jina lake silijui. Jumapili nawahi nikamuulize.