Siku moja maishani mwangu: boti, daftari la zamu na Mzee Karume

Saa 11 alfajiri. Natoka msikitini moja kwa moja hadi pwani ya Forodhani. Maji yamekupwa, boti imelalia ubavu mchangani, na kamba ya nanga imekauka chumvi hadi inakwaruza viganja. Nafua maji kwa upo nilioukata kwenye dumu la mafuta, natia petroli, naifuta mashine.

Saa 1. Daftari la zamu linatoka kwenye mfuko wake wa plastiki. Kila nahodha anaandika jina kadiri alivyofika, na hakuna ruhusa ya kumruka mwenzako hata abiria akikushika mkono. Leo niko wa nne.

Nikiandika jina langu humkumbuka Abeid Amani Karume, rais wa kwanza wa Zanzibar, maana kazi hii ndiyo iliyomlea. Alizaliwa 1905, akaenda baharini angali kijana, akafanya ubaharia kwenye meli za mizigo hadi London. Aliporudi Unguja aliwaunganisha wenye boti zilizokuwa zikichukua abiria kutoka melini hadi nchi kavu. Wengi huanza habari zake na 12 Januari 1964, siku ya Mapinduzi. Mimi naanzia hapa mchangani. Kuwafanya manahodha waache kunyang'anyana abiria si kazi ndogo, nawaapia, na aliyeiweza alikuwa ameshaijua siasa kabla ya kuwa na chama.

Saa 3. Zamu yangu imefika: wanafunzi 14 kutoka Pemba na mwalimu wao wa historia, wanakwenda kisiwa cha Changuu kuona kobe. Nawavisha maboya, tunaondoka.

"Nahodha, wasimulie wewe, mimi wamenichoka," anasema mwalimu.

Basi nawasimulia kwa sauti ya kuishinda mashine. Februari 1957 Jumuiya ya Waafrika na ile ya Washirazi ziliungana kikazaliwa chama cha Afro-Shirazi, Karume akiwa rais wake. Julai mwaka ule ule alisimama Ng'ambo, mtaa wa mahamali, mafundi na mabaharia, akamshinda Ali Muhsin, msomi na kiongozi mkubwa wa Hizbu, chama pinzani. Uchaguzi wa 1963 chama chake kikapata zaidi ya nusu ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31, kwa jinsi majimbo yalivyokatwa. Hapo mwalimu anatikisa kichwa. Uhuru wa Disemba 1963 ukaja, mwezi mmoja baadaye yakaja Mapinduzi, na Aprili 1964 Muungano, Karume akawa Makamu wa Kwanza wa Rais wa nchi mpya.

Saa 8 mchana. Changuu tumeshamaliza, kobe wamepigwa picha za kutosha. Mwalimu ananiomba niwasindikize kwa miguu mjini. Tunapita Michenzani, kwenye majumba marefu yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, nawaambia pia habari za eka tatu tatu alizogawiwa mkulima na skuli zilizofutiwa ada. Kisha Kisiwandui. Hapa, 7 Aprili 1972, Mzee Karume alipigwa risasi akicheza bao, na hapa amezikwa. Wanafunzi wananyamaza wenyewe.

Binti mmoja ananivuta pembeni. "Mjomba, na Hanga je?"

Nampenda Mzee Karume na siwezi kumdanganya mtoto. Namwambia Kassim Hanga na Othman Sharif, viongozi wenzake wa Afro-Shirazi, walirejeshwa Unguja mwaka 1969 wakauawa, na kwamba miaka yote ya utawala ule hapakuwa na uchaguzi wa viongozi wa visiwani. Aliyepanda kwa kura za Ng'ambo hakuwarudishia tena sanduku la kura. Hilo linaniuma hadi leo. Binti anaandika yote kwenye daftari lake, polepole, na mimi namngoja amalize.

Saa 12 jioni. Maji yamekupwa tena. Natia nanga mbali kidogo, narudi kwa miguu, maji yakinifika magotini. Simu inalia: ni mwalimu. Wanafunzi wanataka kuliona daftari la zamu kabla hawajapanda meli ya Pemba. Nimemwambia waje kesho saa 1 asubuhi, wakati majina yanaandikwa.