Zeze la kibuyu: ngozi ya tatu

Wiki ya tisa ya kulitengeneza zeze langu. Leo limelia. Wiki zote zilizotangulia lilikuwa linakohoa tu.

Hamu hii ilinianza kwa kumsikiliza Hukwe Zawose, yule Mgogo wa Tanzania aliyefariki 2003, akiimba huku akipiga zeze lake. Nikajiambia langu liwe la nyuzi mbili, lipigwe kwa uta, na tumbo lake liwe kibuyu kilichowambwa ngozi ya mbuzi.

Kibuyu cha kwanza kilipasuka usiku. Nilikiwamba jioni kwa misumari midogo, nikalala nikijisifu. Ngozi mbichi ikikauka hujivuta kwa nguvu ambayo sikuidhania. Asubuhi mdomo wa kibuyu ulikuwa umebanwa mbavuni kama yai, na ufa umeteremka kutoka msumari hadi msumari. Cha pili nilichagua chenye ukuta mnene, nikaacha misumari, nikatoboa matundu na kuifunga ngozi kwa kamba. Nikaharibu tena, maana niliianika juani. Ilikauka upande mmoja kabla ya mwingine, ikawa na mawimbi. Ngozi ya tatu imelala majini usiku kucha, ikakaushwa kivulini siku tatu. Ukiigonga kwa kidole sasa inajibu.

Ila uzi ulipowekwa, kikohozi kilikuwa palepale.

Nilibadilisha nyuzi mara nne bure. Uzi wenyewe ni mwembamba mno, hausukumi hewa ya kutosha. Kazi hiyo ni ya ngozi, na daraja, kile kijiti kinachozibeba nyuzi juu ya ngozi, ndilo linaloipelekea mtikisiko. Langu lilikuwa pana, zito, limekaa katikati kabisa, mahali ngozi inapobonyea kirahisi. Kora, kinubi cha kibuyu cha Afrika Magharibi, ina nyuzi 21 juu ya daraja moja refu, na haididimii kwa sababu chini ya ngozi pamepitishwa kijiti cha kuibeba. Mzigo wangu ni nyuzi mbili tu, kwa hiyo sikufumua chochote. Nililichonga daraja likabaki na miguu miwili myembamba, kisha nikawa nalisogeza kidogokidogo kuelekea ukingoni, kila hatua napitisha uta na kusikiliza. Sauti ilishuka kiasi, kwa kuwa uzi umerefuka, lakini ule uvumi mzito wa tumboni ukaondoka. Nimeweka alama ya mkaa hapo.

Kisha nikapata tamaa ya mngurumo. Begena, kinubi cha Ethiopia, ina vipande vya ngozi kati ya nyuzi na daraja, ndiyo maana inanguruma kama nyuki. Kwenye tanbura, ala ya nyuzi ya India, huingizwa kiuzi chembamba chini ya kila uzi, nayo ikametameta masikioni. Nikajaribu kiuzi cha pamba. Kimya! Daraja la tanbura ni pana na lina mgongo wa kuteleza, uzi hulibusu na kuliacha. Langu ni kama ukingo wa kisu, kiuzi kikawa kizibo. Nimekitoa.

Uta haujanipa taabu nyingi: singa za farasi zilizopakwa ulimbo. Bila ulimbo singa huteleza juu ya uzi kimyakimya, na siku ya kwanza nilidhani nimekuwa kiziwi. Kinachonisumbua ni mkono wangu, uta unakimbilia upande wa ngozi. Wachina walishalimaliza hilo kwenye erhu, fidla yao ya nyuzi mbili, ambapo singa zimepitishwa kati ya nyuzi mbili na uta hautoki tena.

Vigingi vya kukazia nyuzi bado vinateleza. Nimevipaka chaki, vinashika kwa muda wa wimbo mmoja. Jana nilitaka kuupandisha uzi mwembamba oktava nzima, yaani noti ileile ngazi moja juu, nikasahau kwamba hapo mvuto unatakiwa uwe mara nne. Umenichapa shavuni.

Nyuzi zote mbili zimeshuka nikiwa naandika haya. Nje kumeanza kunyesha, na ngozi imelegea.