Watoto wa Child's Play walivyonifundisha maneno

Mwaka wangu wa kwanza hapa Columbus, Ohio, nilipata kazi ya kumhudumia bibi mmoja nyumbani kwake. Runinga yake ilishinda kwenye Buzzr, chaneli inayorudia vipindi vya zamani vya mashindano ya runinga. Mimi huku nampangia dawa, huku natupa jicho. Ndiyo nikakutana na Child's Play.

Mchezo huo ulionyeshwa mchana na CBS, mtandao wa runinga wa Marekani, kuanzia 20 Septemba 1982 hadi 16 Septemba 1983. Hata mwaka haukutimia, na mpaka leo naona ulikatwa mapema mno. Mwendeshaji alikuwa Bill Cullen, mzee mpole aliyechechemea tangu utotoni kwa sababu ya polio. Watoto wadogo walirekodiwa wakieleza neno kwa akili zao, bila kulitaja. Washindani wawili, watu wazima, wanasikiliza na kukisia. Mmoja akikosa, mwenzake anaonyeshwa mtoto mwingine.

Kiingereza changu kilikuwa cha shuleni, cha kujibia mtihani. Kamusi ilinielezea neno kwa maneno magumu kuliko lenyewe. Wale watoto hawakuwa na maneno hayo. Walisema kitu kinafanya nini, nani nyumbani anakitumia, kikiharibika nani anagomba. Nikawa nakisia kwa sauti, bibi ananihesabia kwa vidole. Nilikumbuka vitendawili vya usiku kwa bibi mzaa mama, kule Muheza, ila hapa anayetega ni mtoto na wanaohangaika ni wakubwa.

Baadaye waliongeza raundi ya mwisho ambayo ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Kibao kinageuka: mshindi anawaeleza watoto maneno 7 ndani ya sekunde 45, wao wakisie. Mtu mzima anahangaika kutafuta lugha nyepesi, na hapo unaona kama kweli analijua neno au amezoea kulisema tu.

Binti yangu ana miaka saba, kazaliwa hapa. Kiswahili anakisikia vizuri, kukisema anasita. Zamani nilikuwa namtafsiria kila kitu, kesho yake kasahau. Siku hizi sitafsiri. Jumamosi tukipika namtajia neno, naye anieleze.

Juzi nikampa "ukoko". Akachungulia sufuria, akaukwangua kidogo kwa kijiko, akatafuna.

"Mama, ni wali unakataa kutoka."